Kununua ng'ombe wa maziwa kwa dalali hapa Dar bila kupigwa

Kabla hujaanza kupigia watu simu elewa kitu kimoja, ng'ombe anayetoa maziwa vizuri, anashika mimba bila shida na hana usumbufu bandani, mwenyewe huwa hamuuzi. Atauza ndama, atauza mitamba iliyozidi (majike ambayo hayajazaa bado), ila yule anayemlipia ada za watoto atakaa nae mpaka azeeke. Kwahiyo ng'ombe mkubwa yeyote ambaye dalali anakuletea ana sababu ya kuuzwa, na kazi yako yote kuanzia simu ya kwanza mpaka unampakia kwenye gari ni kuitafuta hiyo sababu.

Sababu nzuri zipo na kwa hapa Dar ziko nyingi tu. Kiwanja kimeuzwa, mzee kafariki na watoto hawataki habari za kinyesi, majirani wa Mbezi wamechoka na harufu wameenda kulalamika serikali ya mtaa, mtu kapata uhamisho kaenda Dodoma, kijana wa banda kaondoka na mama mwenye nyumba hawezi kukamua. Na mbaya zipo: kiwele kimeharibika, anapandishwa kila siku hashiki, anatupa mimba, anapiga mateke, au kazeeka tu. Sasa dalali siku zote atakutajia moja ya zile za kwanza, na si lazima awe anadanganya, mara nyingi na yeye ndo alivyoambiwa.

Dalali na mchuuzi usiwachanganye

Dalali anakupeleka kwa mwenye ng'ombe, analipwa kwa kuleta mteja, na wengi wanaweka cha juu, yaani mwenye mali kasema milioni mbili na nusu wewe unatajiwa tatu na nusu halafu unaambiwa "ongea nae vizuri boss atakupunguzia". Mchuuzi ni tofauti, yeye ananunua mwenyewe huko Tanga, Mafinga, Njombe, Hai au Tukuyu, analeta, anawafunga kwenye banda lake Chanika au Kibamba au Kigamboni ndani ndani, anawalisha wiki mbili tatu wapendeze, anauza.

Mi binafsi napenda zaidi kwa dalali kuliko kwa mchuuzi, pamoja na hicho cha juu, kwasababu kwa dalali unafika kwenye banda ambalo ng'ombe kazalia, unaona anakula nini, unamwona anayemkamua. Kwa mchuuzi historia imekatikia njiani. Ukiwa lazima ununue kwa mchuuzi mwambie akupe namba ya alikomtoa, na umpigie huyo mtu mwenyewe ukiwa peke yako. Mchuuzi anayejiamini atakupa, anayekuambia "mzee wa kule hana simu" muulize basi walikubaliana vipi bei.

Na kabla sijasahau, mnada wa Pugu usiende kutafuta ng'ombe wa maziwa. Pale ni ng'ombe wa nyama, wengi wa kienyeji kutoka bara, wanaelekea Vingunguti machinjioni, wamesafiri kwenye malori wamechanganyikana na ng'ombe wa kila mkoa. Ukiona Friesian, yule wa maziwa wa kizungu, kafungwa Pugu jiulize kwanini mwenye nae kaamua kumuuza kwa bei ya kilo.

Simu ya kwanza

Usiulize bei kwanza. Uliza kazaa lini, huu ni uzao wa ngapi, kapandishwa lini na kwa dume au kwa uhimilishaji (kupandikizwa mbegu bila dume), anatoa lita ngapi asubuhi na ngapi jioni (waache watenganishe, akikuambia "ishirini kwa siku" mwambie asubuhi ngapi), anakula pumba gani, na kwanini anauzwa. Andika majibu na tarehe. Hayo hayo utamuuliza tena mwenye ng'ombe ukifika, na mara ya tatu kijana wa banda, akiwa peke yake. Kijana wa banda ndo mtu wa maana kuliko wote kwenye biashara hii na watu wanampita bila hata kumsalimia. Msalimie, mnunulie soda, muulize "huyu anasumbuaga wakati gani?" badala ya kumuuliza kama ni mzuri, maana akisema ni mbaya atafukuzwa kazi, ila akianza kukuelezea kwamba mpaka umfunge miguu ya nyuma ndo akubali, au kwamba chuchu ya kushoto nyuma ukiishika anaruka, basi umeshapata ulichokuja kutafuta.

Picha za WhatsApp zisikuchanganye. Picha ya Friesian mmoja mwenye kiwele kikubwa inaweza kuzunguka magrupu yote na kila dalali anadai yuko kwake. Omba video ya leo, mwambie anayepiga ataje jina lako kwenye hiyo video. Atakayeshindwa hilo usipoteze nauli.

Aina gani kwa joto letu

Watu wa Dar tunapenda Friesian mweusi na mweupe mkubwa, na nakubali anapendeza, lakini Friesian halisi aliyekulia kwenye baridi ya Njombe ukimleta Tegeta mwezi wa kwanza atakaa anahema mdomo wazi, anakula kidogo, maziwa yanashuka, na mimba inakuwa ngumu kushika. Joto la Dar lenyewe lina unyevu, ndo shida. Chukua chotara, wenye damu ya kizungu nusu mpaka robo tatu hivi, waliochanganywa na Boran au zebu au Mpwapwa, au chotara wa Jersey ambao ni wadogo, wanakula kiasi, na maziwa yao ni mazito yana mafuta. Chotara wa Tanga wana faida ya ziada, wameshazoea joto la pwani. Atakayekwambia lita 30 kwa ng'ombe wa kufungiwa uani Kimara anayekula majani ya barabarani na pumba, mpe pole.

Kukamua ndo mtihani wenyewe

Hapa ndo nataka uweke akili yako yote. Mengine yote ukiyakosa unaweza kusamehewa, hili hapana. Usilipe hata senti kabla hujamuona anakamuliwa mara mbili zinazofuatana, jioni na asubuhi yake, na wewe umesimama pale.

Mchezo wa kawaida kabisa ni kulimbikiza. Mteja anakuja saa 10 jioni, ng'ombe hajakamuliwa tangu jana yake, kiwele kimejaa kimetutumka, chuchu zimetanuka zimeelekea pembeni zinang'aa, maziwa yanadondoka yenyewe, ng'ombe kasimama kapanua miguu. Mgeni anaona hapo anachanganyikiwa, anakamuliwa lita 14 mbele ya macho yake na anapiga hesabu mara mbili. Ndo maana lita za jioni zisikutie wazimu, zinaweza kuwa za siku nzima na zaidi. Kazi ya jioni ni kuhakikisha anakamuliwa mpaka mwisho, mpaka hakuna kitu. Halafu unarudi saa 11 alfajiri, na kama ni mbali huko Chanika unatafuta gesti unalala. Za alfajiri ndo za kweli, ni za masaa 12 uliyoyaona yanaanza. Hizo ndo unazidisha mara mbili, na kwa kawaida za jioni huwa zinapungua kidogo kuliko za asubuhi kwahiyo toa lita moja hivi.

Lita zenyewe zipimwe kwenye jagi lenye alama baada ya povu kutulia. Ndoo ya lita 10 iliyojaa povu inaweza kuwa na lita saba. Nenda na jagi lako.

Nenda pia na kifuniko cheusi, hata cha ndoo ya rangi, na usimame upande wa anayekamua. Matone ya kwanza ya kila chuchu yaende kwenye hicho kifuniko, chuchu moja moja. Juu ya cheusi utaona kama kuna vidonge vidonge, kama maziwa ni mepesi ya majimaji, kama yana rangi ya njano au uzi wa damu. Angalia sana kama kijana anaharakisha kumwaga ya kwanza chini. Kumwaga ya kwanza ni usafi mzuri, lakini leo yasimwagwe. Halafu kuna ugonjwa wa kiwele ambao hauonekani kwa macho, maziwa meupe safi kabisa ila kiwele kinaumwa ndani kwa ndani na kinakula lita zako kila siku. Huo una dawa ya kupimia, maduka ya dawa za mifugo wanaiita CMT, ila hata sabuni ya unga ya kufulia inasaidia: gramu 15 hivi kwenye nusu lita ya maji, koroga, chukua vijiko viwili vya maziwa ya chuchu moja changanya na kiasi hicho hicho cha maji ya sabuni kwenye kisahani, zungusha taratibu. Ikibaki majimaji ni sawa, ikianza kuvutika kama ute wa yai hiyo chuchu ina shida. Fanya kwa zote nne, kila moja na kisahani chake au uoshe katikati.

Wakimaliza kukamua weka mkono. Watu wanaogopa kushika kiwele cha ng'ombe wa mtu, wewe omba ruhusa ushike. Kiwele kizuri kikishatolewa maziwa kinanywea, kinakuwa laini, ngozi inajikunja. Kikibaki kikubwa vile vile kigumu, au ukigusa ndani kuna donge, hiyo ni nyama tu au ni kovu la ugonjwa wa zamani, na chuchu ya upande huo hairudi tena. Chuchu moja iliyokufa siyo mwisho wa dunia, kuna ng'ombe wa chuchu tatu wanatoa vizuri tu, ila bei inatakiwa ishuke na wewe ndo uwe wa kwanza kuisema, sio uje kuigundua nyumbani.

Mwisho wa zoezi mwambie mtu wako, au wewe kama unajua, akamue kidogo mkono mgeni. Utaona kama anapiga mateke au anaficha maziwa. Na muulize kijana kama anakamuliwa na ndama pembeni au bila ndama, maana aliyezoea ndama ukimnunua bila ndama anaweza kukugomea kabisa.

Kwenye ndama napo pana mchezo. Ng'ombe aliyezaa muda mrefu anapewa ndama mdogo wa ng'ombe mwingine ionekane kazaa juzi. Waachie ndama, kaa pembeni, usiseme kitu. Mama wa kweli atamuita, atamlamba, atamnusa nyuma wakati ananyonya. Asiye wake atamsukuma au atasimama tu kama hamjui, na ndama mwenyewe atanyonya kwa wizi akitokea nyuma katikati ya miguu. Angalia na kitovu, ndama wa wiki moja bado ana kamba kavu ya kitovu inaning'inia, kwa kawaida inadondoka ndani ya wiki mbili hivi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakiweki kwenye hesabu ni kazaa lini. Ng'ombe anafika kileleni kwenye wiki ya nne mpaka ya nane baada ya kuzaa, baada ya hapo anashuka taratibu mpaka anakaushwa, yaani anaachwa kukamuliwa akisubiri kuzaa tena. Kwahiyo wa lita 12 aliyezaa mwezi mmoja na nusu uliopita umemkuta kwenye siku zake bora kabisa, kesho ni kushuka. Wa lita 9 aliye mwezi wa saba tangu azae na ana mimba ni ng'ombe bora kuliko huyo, na mara nyingi anauzwa bei ndogo sababu watu wanaangalia ndoo ya leo. Mi hapo ndo naonaga pesa ilipo.

Mdomoni, na sehemu nyingine za mwili

Umri usiulize, fungua mdomo. Ng'ombe mbele juu hana meno, ni ufizi mgumu tu, kwahiyo unaangalia chini ambapo yapo manane. Meno ya utoto ni madogo membamba, ya ukubwani ni mapana, tofauti utaiona hata kama hujawahi. Jozi ya katikati inabadilika akiwa na miaka miwili hivi, jozi ya pili miaka miwili na nusu kwenda mitatu, ya tatu kwenye mitatu na nusu, ya pembeni kabisa akikaribia minne au zaidi kidogo, na wa kienyeji huwa wanachelewa. Kuanzia hapo unaangalia kulika. Makali ya katikati yakiwa yameshasawazika ni wa miaka sita saba, meno yote yakiwa bapa, yameachana, mafupi, huyo kapita kumi, na ukiambiwa "uzao wa tatu" cheka tu. Pembe nazo zina miduara, kila uzao unaacha mmoja, lakini pembe zinapigwa msasa na wengi wa siku hizi wamekatwa pembe wakiwa ndama, kwahiyo usizitegemee.

Kushika mdomo: mtu amshike kichwa, wewe ingiza vidole pembeni pasipo na meno, vuta mdomo wa chini ushuke. Sekunde kumi zinatosha.

Halafu rudi nyuma hatua tano umwangalie akiwa ametulia. Anacheua? Ng'ombe mzima akipumzika anacheua, akikaa muda mrefu hacheui kuna jambo. Pua iwe na unyevu, macho yasiwe na tongotongo, manyoya yalale, asikohoe. Mtembeze kwenye sakafu ngumu uone anavyokanyaga, kwato zilizorefuka za ng'ombe anayefungiwa ndani zinamfanya achechemee, hizo zinatibika kwa kukatwa, ila goti lililovimba ni habari nyingine. Pita na mikono chini ya masikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba hapo na joto la mwili limepanda, fikiria ndigana kali moja kwa moja, ugonjwa wa kupe ambao unaua ng'ombe wa kisasa haraka sana. Kipimajoto cha kidijitali cha famasi cha bei rahisi kinatosha, kinaingizwa nyuma, ng'ombe mzima ni nyuzi 38 na nusu hivi, akifika 40 usimnunue siku hiyo hata ukipewa nusu bei. Ila ujue jua la saa 8 nalo linapandisha, pima asubuhi.

Hii ya kupe ni muhimu zaidi kwa wanaonunua kutoka mikoa ya baridi. Ng'ombe aliyekulia ndani ya banda Njombe anaweza kuwa hajawahi kuumwa na kupe maisha yake yote, mwili haujui huo ugonjwa, unamleta Chanika au Kisarawe kupe wamejaa kwenye majani unayomkatia, ndani ya mwezi kalala. Uliza kama amechanjwa ndigana, kwa kawaida waliochanjwa wanavishwa hereni maalum ya chanjo sikioni, na uliza anaogeshwa na dawa gani na kila baada ya muda gani.

Mimba, na magonjwa usiyoyaona

"Ana mimba ya miezi mitano" ni sentensi inayopandisha bei kuliko zote na haigharimu kitu kuitamka. Mimba inapimwa na daktari wa mifugo kwa mkono, amevaa glovu ndefu, kuanzia miezi miwili mitatu anakuambia bila wasiwasi. Daktari awe wako. Nasema awe wako kwasababu dalali huwa ana daktari wake, yuko karibu, bei poa, anakuja dakika kumi, na majibu yake huwa mazuri siku zote. Tafuta mwenye usajili wa Baraza la Veterinari, mlipie nauli na kazi yake, utaona ghali mpaka ukumbuke bei ya ng'ombe.

Mimba ya ng'ombe ni siku 280 na kidogo. Chukua tarehe uliyoambiwa alipandishwa, piga hesabu atazaa lini, linganisha na daktari anachosema. Zisipolingana kwa miezi miwili ujue alipandishwa akakataa, akarudiwa, na hawakukuambia. Ng'ombe ambaye kazaa zaidi ya mwaka uliopita, bado anakamuliwa na hana mimba, hapo sababu ya kuuzwa umeshaipata.

Kwa anayenunua mtamba kuna swali moja ambalo watu hawalijui: alizaliwa peke yake au pacha? Mtamba aliyezaliwa pacha na dume, karibu wote huwa ni tasa, kwasababu damu zao zilichanganyika tumboni na vichocheo vya dume vikaharibu mji wake wa mimba. Kwa nje ni mrembo kabisa, anakua haraka, ananenepa, utamlisha mpaka uchoke. Muulize aliyekuwepo siku anazaliwa.

Daktari akishafika mwambie achukue na damu kwa ajili ya brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao na binadamu tunaupata kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupimwa, kwa sindano ya kwenye ngozi inayosomwa baada ya siku tatu. Sampuli za damu zinapelekwa maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, pale Temeke Veterinari, tuko na bahati iko hapa hapa mjini, watu wa mikoani wanasafirisha. Majibu yanachukua siku kadhaa na hapo ndo utajua unadili na mtu wa aina gani, maana dalali ataanza "kuna mama wa Goba anakuja kesho na cash". Mwache mama wa Goba anunue. Kama kweli unamtaka huyo ng'ombe toa kishika uchumba kidogo, kwa maandishi, kwamba majibu yakija mabaya hela inarudi.

Hela na karatasi

Bei ongea ukiwa umeshamaliza yote hayo juu, na ongea na mwenye mali, dalali akiwepo. Kila kasoro uliyoiona itaje kwa utaratibu bila kelele: mzee, chuchu hii ya nyuma ni ngumu, meno nimeyaona ni mkubwa kidogo kuliko tulivyoongea, na lita za asubuhi zimekuja saba, kwahiyo nakuomba tuongee vizuri. Mzee mwenye ng'ombe wake ukimheshimu na ukamuonyesha unajua unachoongea atashuka mwenyewe, ukimkandia ng'ombe wake mbele ya watu atakataa hata hela nzuri. Malipo ya dalali yajulikane mapema yanatoka kwa nani, na yasemwe mbele ya wote wawili.

Mkataba uandikwe serikali ya mtaa, mwenyekiti au mtendaji agonge mhuri, na mashahidi wa pande zote mbili. Ziandikwe rangi na alama za ng'ombe, namba ya hereni ya utambuzi kama anayo, lita mlizopima, mimba ya miezi mingapi, na nini kitatokea kama hana hiyo mimba. Nakala za vitambulisho vya NIDA zibandikwe. Hela ipite benki au kwa simu ili iache alama, sio bahasha chini ya mwembe. Watu wanaona hii ni kujisumbua kwa ng'ombe mmoja, lakini ng'ombe wa wizi wapo, na polisi wakimfuata wanamkuta kwako. Ng'ombe anayetoka mkoani lazima awe na kibali cha kusafirisha mifugo cha afisa mifugo wa alikotoka, mchuuzi asiye nacho kakwepa ukaguzi, na aliyekwepa ukaguzi hujui na kingine alichokwepa. Na kwa upande wako pitia kwanza kwa afisa mifugo wa kata yako ujue unaruhusiwa kufuga wangapi na banda liwe umbali gani na nyumba, kabla jirani hajakuelimisha yeye.

Kumleta nyumbani

Msafirishe usiku au alfajiri, foleni ya Mandela saa saba mchana ng'ombe yuko juu ya kenta ni kumuua. Chini ya gari wekeni mchanga au majani asiteleze, afungwe kichwa kwa kamba yenye nafasi, asimame. Kwenye kirikuu hapana, naonaga watu wanamkunja ng'ombe wa maziwa miguu imefungwa, kalalia kiwele, halafu wanashangaa wiki inayofuata kimevimba. Aliye mwezi wa mwisho wa mimba mwache azae alipo, mlipe mwenye nae gharama za kumlisha.

Ondoka na magunia mawili ya chakula alichokuwa anakula pale pale, umbadilishe kidogo kidogo, maana akitoka kwenye machicha ya bia ukamrusha ghafla kwenye pumba na mashudu tumbo litaharibika. Maji yawepo muda wote, anayekamuliwa anakunywa lita 60 mpaka 100 kwa siku na kwa joto hili zaidi, kwahiyo kama mtaa wenu maji yanatoka mara mbili kwa wiki nunua simtanki kabla ya ng'ombe. Kama una wengine nyumbani mtenge wiki tatu hivi, ndoo yake, kamba yake, na akamuliwe wa mwisho. Muogeshe dawa ya kupe siku anayofika.

Maziwa yatashuka siku za kwanza, hilo ni la kawaida, kabadilisha banda, mkono na maji. Usipanik ukaanza kumpigia mzee wa watu usiku. Pima lita kila asubuhi na jioni, andika kwenye daftari, pima na joto la mwili asubuhi kwa wiki tatu za mwanzo. Ndani ya wiki moja mbili anatakiwa awe anarudi karibu na lita mlizoandika kwenye mkataba. Asiporudi, na anakula, hana homa na maji yapo, rudia kile kipimo cha sabuni kwenye chuchu zote nne, mwite daktari wako aandike anachokiona, halafu ndo upige simu ukiwa na daftari na mkataba mkononi, na uanze na mwenye ng'ombe, dalali baadae.